Waya Uliobaki Kwenye Nailoni

Machi 2021 Volvo, kampuni ya magari ya Sweden inayomilikiwa na Geely ya China, ilitoa ahadi isiyo na kona: ifikapo 2030 itauza magari ya umeme tu. Septemba 2024 ikailegeza. Sasa inasema asilimia 90 hadi 100 ya mauzo yatakuwa ya magari ya umeme pamoja na haibridi za kuchaji, yaani zenye betri na injini ya petroli kwa pamoja. Imekosea, na kosa lenyewe si dogo.

Linauma kwa sababu Volvo inajua kupiga hesabu. Mwaka huohuo wa 2021 ilichapisha hesabu ya gesijoto za gari lake la umeme, C40, ikakiri jambo ambalo wauzaji hawapendi kulitaja: kulitengeneza kunachafua hewa kwa asilimia 70 zaidi ya kutengeneza XC40 ya petroli. Deni hilo hulipwa barabarani, baada ya kilomita 49,000 likichajiwa kwa umeme wa upepo, au 110,000 kwa wastani wa umeme wa dunia. Gari jipya lapaswa kubuniwa hivyo, hesabu ikiwa mezani hata pale isipopendeza.

Wakuu wa kampuni wanasema soko limepoa, vituo vya kuchajia ni vichache na ruzuku zimeondolewa. Ni kweli, na kiwanda kisichouza hufa.

Lakini haibridi ya kuchaji ina faida pale tu mwenyewe anapoichomeka. Asipoichomeka, ni gari la petroli lililobebeshwa betri. Katika yadi moja ya magari ya mtumba jijini Dar es Salaam niliwahi kuinua zulia la buti la gari la aina hiyo, lililotumika miaka minane Japani. Waya wa kuchajia ulikuwa umekunjwa vilevile ulivyotoka kiwandani, ndani ya nailoni ambayo haijafunguliwa. Plagi haikuwa na hata mkwaruzo.

Utasema hilo ni gari moja. Haya, tazama mengi. Tangu 2021 magari mapya ya Ulaya hufungwa kifaa kinachorekodi mafuta yanayotumika, na Machi 2024 Kamisheni ya Ulaya ilitoa matokeo. Haibridi za kuchaji zilitoa kaboni dioksidi mara tatu na nusu ya kiwango kilichopimwa maabara. Magari ya kawaida ya petroli na dizeli yalizidi kwa takriban asilimia 20. Yaani gari linalonadiwa kuwa safi ndilo lililopotoka mno na vipimo vyake! Ripoti hiyo ilikuwa hadharani miezi sita kabla Volvo haijabadili ahadi yake.

Kwa hiyo nisiambiwe kwamba haibridi ni daraja la kuelekea kwenye umeme. Mhandisi anayechora tangi, injini na bomba la moshi ameshaamua kwamba gari hilo linaweza kumaliza maisha yake bila kuchajiwa hata siku moja. Kisha mzigo anamtwisha dereva. Na gari la 2030 litakuwa bado linaunguza petroli 2045, pengine kwa mnunuzi wa tatu au wa nne, betri ikiwa imechoka.

Kama Volvo inaziamini haibridi zake, itangaze, modeli kwa modeli, petroli zinayokunywa barabarani. Vipimo vimo ndani ya magari yenyewe.