Bismarck Hakuwahi Kufika Mwanza. Sisi Je?

Umewahi kuingia studio ya picha hapa Geita mjini siku ya Idi au Krismasi? Ukutani kuna pazia kubwa lenye picha. Zamani yalichorwa kwa mkono, siku hizi yanachapwa. Wapenzi wawili wanasimama mbele ya Mnara wa Eiffel, dada kaweka mkono begani kwa kaka, nyuma yao jua la Paris linazama taratibu, na nje bodaboda zinapiga honi kwenye vumbi. Wanapendeza kweli kweli! Sina ugomvi na picha hiyo.

Ugomvi wangu ni huu: wawili hao, pamoja na mapenzi yote hayo, wanaweza kuchumbiana, kuoana na kuzaa watoto watatu bila kupanga hata siku moja ya kwenda kuutazama mji wowote ulio karibu nao. Na sizungumzii kusafiri. Tunasafiri sana. Mwanza tunaijua. Tunakwenda Bugando kumwona mgonjwa, tunakwenda Makoroboi kuchukua mzigo, tunakwenda msibani, kwenye mahafali, kwenye kikao cha harusi. Lakini mwambie jirani kwamba Jumamosi unakwenda Mwanza na mwenzako, na hamna shughuli yoyote, mnakwenda kutembea tu na kuangalia mji. Atakuuliza, "Nani anaumwa?"

Wiki chache zilizopita mimi na mchumba wangu tuliulizwa swali hilohilo. Hakuna aliyekuwa anaumwa. Tulipanda basi la alfajiri, tukaenda, tukazunguka mji mchana kutwa, tukarudi. Nataka nieleze kwa nini naona vijana wa hapa, hasa wale waliosoma na wana kazi, tunapaswa kufanya jambo hili mara nyingi zaidi, tena tufanye wawili wawili.

Kwanza kisingizio cha njia kimekwisha. Waliowahi kusubiri kivuko pale Busisi wanajua ninachosema. Ulikuwa unaweza kuona ng'ambo kwa macho yako na bado ukakaa saa nzima, au mbili, unanunua karanga na mahindi ya kuchemsha ambayo hukuyapanga. Ukikosa kivuko cha mwisho, imekula kwako. Kwa hiyo kwenda Mwanza na kurudi siku moja kulihitaji sababu nzito, na starehe haikuwa sababu nzito. Juni 19, 2025 Rais Samia alizindua Daraja la J.P. Magufuli kutoka Kigongo hadi Busisi, kilomita 3 juu ya maji, lililogharimu zaidi ya shilingi bilioni 700. Tunaliongelea kwa habari ya wagonjwa na malori ya mizigo, na ni sawa kabisa, hayo ndiyo yanayotangulia. Ila bilioni 700 zile hazikukatazwa kuwabeba watu wawili wanaokwenda kutazama ziwa.

Haya, tulitazama nini?

Tulianza na Jiwe la Bismarck, maana ndilo jiwe ambalo kila Mtanzania ameliona kwenye kalenda hata kama hajafika Mwanza. Ukilikuta pale majini, mawe yamepangana kama vile kuna mtu aliyapanga kwa mikono halafu akaondoka akicheka, unakubali kwamba wapiga picha hawakudanganya. Mchumba wangu ni mwalimu wa hisabati, si mtu wa historia. Akaniuliza, "Huyu Bismarck alikuwa bwana shauri wa hapa?"

Nikamwambia hapana. Otto von Bismarck alikuwa kansela wa Ujerumani. Ndiye aliyeitisha ule mkutano wa Berlin wa mwaka 1884 hadi 1885, na mkutano ulipomalizika tu, Februari 1885, serikali yake ikampa Carl Peters hati ya ulinzi juu ya maeneo aliyodai kusainishana mikataba na machifu wetu. Hakuwahi kukanyaga Afrika. Wajerumani walipojenga kituo chao Mwanza mwaka 1892, yeye alikuwa ameshaondolewa madarakani tangu 1890. Na Wajerumani wenyewe hawakudumu. Julai 1916 Waingereza waliuteka mji.

Akalitazama lile jiwe tena. "Kwa hiyo wamempa jiwe mtu ambaye hajawahi hata kuliona."

Nimekuwa mwandishi wa habari kwa miaka kadhaa sasa na sijawahi kuandika sentensi nzuri kama hiyo. Na ona, isingesemwa kama tungekuwa tumekwenda Makoroboi kununua vitambaa. Watu mnaweza kuishi pamoja mkazungumza kodi ya nyumba, ada, mgonjwa na mchango wa harusi mpaka mkasahau kwamba mwenzako ana akili ya kuona vitu. Ukimpeleka mahali ambapo hamna cha kufanya zaidi ya kutazama, ndipo anapoongea.

Kutoka hapo tulikwenda Saanane. Ni kisiwa kidogo, dakika chache tu kwa boti kutoka mjini, na tangu 2013 ni hifadhi ya taifa, ndogo kuliko zote nchini. Eneo lake ni kilomita za mraba 2.18, maji yakiwemo. Mwaka 1964 paliwekwa bustani ya wanyama, ya kwanza kumilikiwa na serikali yetu. Leo kuna swala, kuna pimbi wanaokutazama kama unawadai, kuna mijusi ya rangi mbili iliyojianika juu ya mawe, na kuna mawe ya kupanda hadi uone mji mzima. Ada ya Mtanzania ni sehemu ndogo sana ya ile anayolipa mgeni. Na jina? Saanane Chawandi alikuwa mkulima na mvuvi aliyeishi pale kabla serikali haijakichukua kisiwa. Kwa hiyo ndani ya mwendo mfupi una jiwe lililopewa kansela wa Berlin, na kisiwa chenye jina la mvuvi. Nyuma ya mji una kilima cha Isamilo, ambako inasimuliwa kwamba Mwingereza John Hanning Speke aliliona ziwa Agosti 3, 1858 na kulipa jina la malkia wake, kana kwamba wenyeji walikuwa wanaliita "lile dimbwi". Walikuwa wanaliita Nyanza! Jina la mji lenyewe limetoka huko.

Tulikula sato na ugali karibu na maji. (Sitasema bei, maana mchumba wangu bado anabishana na mwenye mgahawa moyoni mwake.) Mchana tukapita katikati ya mji, kwenye maduka ya zamani ya Wahindi yenye vibaraza na milango mizito, tukateremka hadi kituo cha reli. Reli ilifika hapa mwaka 1928 kutoka Tabora, na pamba ya Usukuma ikapata njia ya kwenda Dar es Salaam na duniani. Pamba hiyo ndiyo iliyomtoa Paul Bomani na vyama vya ushirika vya miaka ya 1950, mpaka wakulima wakawa wanamiliki vinu vyao wenyewe vya kuchambulia. Haya yote yametokea kwenye mitaa ambayo tunapita tukiwa tumeshika mfuko wa rambo, tunawahi gari Nyegezi.

Lakini kitu nilichotaka sana kumwonyesha mwenzangu sikukikuta, kwa sababu hakipo. Na hapa ndipo hasira yangu ilipo.

Mwaka 1958 watu wa Geita walitembea kwa miguu kwenda Mwanza. Si kumi wala ishirini, walikuwa maelfu. Wakati huo Geita ni wilaya katika Jimbo la Ziwa, na bwana mkubwa wa jimbo anakaa Mwanza. Serikali ya kikoloni ilikuwa imewaletea baraza la wilaya la mchanganyiko, Waafrika pamoja na Wazungu na Waasia, huku wakazi wa Geita karibu wote wakiwa Waafrika. Watu wakaona wanachezewa, na wakaona machifu wao wamekubali bila kuwauliza. TANU ilikuwa imepigwa marufuku Usukuma tangu 1954, kwa hiyo hapakuwa na tawi la kukimbilia. Wakaamua kwenda wenyewe kumweleza mkubwa. Daraja halikuwepo, ghuba ilikuwepo. Mwaka huohuo TANU ikafunguliwa tena, na mabaraza ya namna ile hayakufika mbali.

Hilo ni tukio kubwa katika safari ya uhuru wa nchi hii, na ni letu, watu wa Geita. Walipita njia gani? Walipofika mjini walikaa wapi? Nilizunguka na mwalimu wangu wa hisabati, nikatafuta japo kibao kimoja. Sikukiona. Bismarck ana jiwe zima la ziwa. Waliotembea kutoka Geita hawana hata bati lililopakwa rangi.

Ndugu zangu, utaniambia hiyo ni kazi ya halmashauri. Ni kweli. Lakini halmashauri huweka kibao mahali ambapo watu wanakwenda. Nyumba ya zamani ambayo hakuna anayeitazama ni kiwanja tu kinachosubiri mwekezaji. Hata ile inayotazamwa na wageni peke yao haina usalama mkubwa. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingia kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2000, na bado Desemba 25, 2020 Beit el Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883, likaporomoka sehemu kubwa na kuua watu wawili waliokuwa kazini. Watalii walikuwa wamelipiga picha miaka yote. Picha za watalii hazishikilii ukuta. Wanaoweza kulalamika kila wiki mpaka mtu akose usingizi ofisini ni wakazi, na mkazi halalamikii kitu ambacho hajawahi kukitazama.

Venice huko Italia wana shida nyingine kabisa. Wageni wa kutwa wamekuwa wengi mno, mpaka Aprili 2024 mji ukaanza kuwatoza euro 5 kwa siku zenye msongamano. Paris walilazimika mwaka 2015 kuondoa makufuli ya wapenzi kwenye daraja la Pont des Arts, maana mwaka uliotangulia kipande cha ukingo kilidondoka kwa uzito. Hebu fikiri, daraja linazidiwa na mapenzi! Sisi tuna daraja jipya la kilomita 3 na hatuna wapenzi wa kulivuka kwa raha zao.

Wapo watakaosema huu ni uzungu. Mtu na mkewe kutembea mjini bila shughuli, Msukuma gani huyo? Naomba nitofautiane nao kwa heshima. Bagika na Bagalu wanashindana ngoma baada ya mavuno tangu enzi za mababu, na watu wanatoka vijiji vya mbali kwenda kutazama. Kutazama tu! Mtu anamwacha ng'ombe na kijana, anakwenda kuona nani anacheza na nyoka na nani amevuta umati. Starehe ya macho tulikuwa nayo. Kilichobadilika ni kwamba mtu aliyesoma ameamini starehe ni kiti, meza na chupa.

Na pesa je? Wengi hawana, najua, na simsemi mama anayeuza nyanya sokoni. Nasema na sisi wenye mshahara, na wale ambao duara likitema wanafunga baa usiku kucha na kununulia bia watu wasiowajua. Nauli ya wawili kwenda na kurudi, boti, kiingilio, sato wawili na soda: tulipojumlisha (yeye alijumlisha, mimi nilishika mfuko) ilikuwa chini ya tulichotozwa mwaka huu kwa sare za harusi moja ya watu ambao hata hatukupata nafasi ya kuwasalimia.

Kuna jambo moja zaidi, na hili lilitoka kwake tukiwa njiani kurudi. Alisema mama yake amekwenda Mwanza mara nyingi kuliko yeye na mimi tukijumlishwa, lakini anachokijua ni korido za hospitali, kwa sababu miaka yote alikwenda kuuguza. Hajawahi kuambiwa "twende ukaone". Baba yake angalau alikuwa akimaliza shughuli anapita mahali na wenzake. Nadhani ndivyo ilivyo kwa mama zetu wengi. Nilinyamaza kidogo hapo, gari lilikuwa linapanda darajani na ziwa limegeuka rangi ya shaba pande zote mbili.

Safari ijayo tumekubaliana ni Bujora, pale Kisesa, kwenye makumbusho ya Wasukuma iliyoanzishwa na padre David Clement, zilizoko ngoma za machifu. Tutajaribu iwe Juni, wakati wa Bulabo, na mama mkwe mtarajiwa ameshaambiwa ajiandae. Ameuliza nani anaumwa.

Nina ombi kwako uliyezaliwa Geita, Sengerema au Nyang'hwale. Aliyekuwa kijana wa miaka ishirini mwaka 1958 leo amevuka themanini na tano. Kama babu au bibi yako alikuwa kwenye ule msafara wa kwenda Mwanza, muulize walipita wapi na usiku wa kwanza mjini walilala wapi. Ukipata jibu niambie. Hata kama sasa pamejengwa kituo cha mafuta, tutakwenda kupaona.