Chakula cha Safari kwa Tumbo Lisilopatana na Ngano wala Maziwa

Kila mwaka ufikapo mwezi wa Desemba, mabasi yatokayo Dar es Salaam kwenda Lushoto, Moshi na Arusha hujaa familia zinazokwenda nyumbani kwa mapumziko. Baada ya kuupita mji wa Korogwe, mengi kati ya hayo husimama Mombo, mji mdogo ulio chini ya milima ya Usambara, ambao reli ya kutoka Tanga iliufikia mwaka 1905, na ambako barabara ya Lushoto huachana na barabara kuu na kuanza kupanda. Hapo abiria hupewa dakika chache za kula. Wengi hawana la kufikiri: chapati kwa chai ya maziwa, au wali kwa maharage, kisha mbio kurudi kitini kabla honi haijalia. Lakini kwa mtoto mwenye ugonjwa uitwao seliaki, chaguo hilo dogo laweza kumlaza siku kadhaa, na likizo ya familia nzima ikaishia kitandani pake.

Siku hizi katika miji mikubwa husikika mara kwa mara mtu akisema kwamba yeye hali gluteni wala maziwa, na maneno hayo mawili hutamkwa pamoja kana kwamba ni kitu kimoja. Hilo ndilo kosa la kwanza, na makosa mengine mengi huzaliwa nalo.

Gluteni ni mchanganyiko wa protini zilizomo katika ngano, na jamaa zake zimo katika shayiri na rai. Ndiyo inayoufanya unga wa ngano uliokandwa uvutike, na chapati ikubali kusukumwa bila kukatika. Mpishi yeyote aliyewahi kujaribu kusukuma chapati ya unga wa mahindi anaijua tofauti hiyo bila kufundishwa kemia. Kwa mtu mwenye seliaki, kinga ya mwili huipokea gluteni kama adui. Katika mapambano hayo kinachoumia ni utumbo wa mtu mwenyewe: vijinywele vya utumbo mwembamba, ambavyo kazi yake ni kufyonza chakula, huharibika na kulala bapa. Mtoto hula lakini mwili haupati kitu. Huharisha, tumbo hujaa, hupungukiwa damu, hudumaa. Wapo pia wasioona dalili yoyote siku ile waliyokula mkate, huku madhara yakiendelea kimya kimya ndani.

Hukadiriwa kwamba ugonjwa huu humpata takriban mtu 1 katika kila 100 duniani. Kwa muda mrefu ulihesabiwa kuwa ni ugonjwa wa Wazungu, mpaka uchunguzi uliotangazwa mwaka 1999 ulipoonyesha kwamba miongoni mwa watoto wa Kisaharawi, ambao ni Waafrika wa Sahara Magharibi, ulikuwa umewapata zaidi ya 5 katika kila 100. Kwa hiyo daktari anayemwona mtoto aliyedumaa na tumbo lililojaa, akakumbuka minyoo na utapiamlo peke yake, hana kosa la kukumbuka hayo, kwani ni mambo ya kawaida nchini Tanzania na dalili zake zinafanana. Kosa litakuwa kuendelea kukumbuka hayo tu baada ya dawa za minyoo na chakula bora kushindwa.

Historia ya kugunduliwa kwa chanzo chake yafaa kusimuliwa hapa, maana inahusu ndizi, na ndizi ndizo zinazoteremshwa kila siku kutoka Usambara kuja kuuzwa barabarani. Mwaka 1924 daktari Sidney Haas wa New York alitangaza kwamba watoto wenye seliaki hupata nafuu wakilishwa ndizi. Nafuu hiyo ilikuwa ya kweli, na kwa miaka mingi ndizi ziliheshimiwa kama dawa. Lakini watoto waliporudia mkate, waliugua tena. Jibu lilikuja kutoka Uholanzi. Katika majira ya baridi ya mwaka 1944 hadi 1945, wakati wa vita, njaa iliikumba nchi hiyo na mkate ukaadimika. Daktari wa watoto Willem Dicke, aliyekuwa tayari akiishuku ngano, aliona kwamba watoto wenye seliaki walipata nafuu katika kipindi hicho ambacho wenzao walikuwa wakikonda, na mkate uliporudi nao wakarudi hospitali. Aliyaeleza matokeo ya kazi yake katika tasnifu ya mwaka 1950. Ndizi hazikuwa dawa hata kidogo. Zilikuwa zimekalia tu kiti cha mkate.

Maziwa ni shauri jingine kabisa. Sukari ya maziwa, laktosi, haimeng'enywi bila kimeng'enya kiitwacho laktesi. Mtoto mchanga huzaliwa nacho tele, lakini kwa takriban theluthi mbili ya wanadamu hupungua baada ya kuachishwa ziwa. Laktosi isiyomeng'enywa huteremka hadi utumbo mpana, na bakteria wa huko huifanyia karamu: tumbo huunguruma, hewa hujaa, na mtu huharisha. Huo si ugonjwa. Kumwita mgonjwa mtu mzima wa aina hiyo ni sawa na kumhurumia kwa kuwa meno yake ya utoto yameng'oka. Walio tofauti ni wale ambao kimeng'enya chao hakipungui, na Afrika Mashariki inao wengi. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake, akiwamo Thomas Nyambo wa Muhimbili, walitangaza matokeo ya kuwapima watu 470 wa makabila 43 ya Tanzania, Kenya na Sudani. Waligundua badiliko la jeni lililoenea miongoni mwa wafugaji wa Tanzania na Kenya, lililo mbali na lile la Wazungu, nalo walikadiria kuwa lilitokea kati ya miaka 2,700 na 6,800 iliyopita. Basi katika basi moja lisimamalo Mombo, mfugaji wa Handeni aweza kunywa maziwa nusu lita na kulala usingizi, na jirani yake akateseka kwa kikombe kimoja. Hakuna aliye dhaifu kati yao.

Hata hivyo wengi wa hao wasioyamudu maziwa wanaweza kustahimili gramu 12 hivi za laktosi kwa mara moja, yaani kikombe kimoja cha maziwa, hasa wakinywa pamoja na chakula. Mtindi huwasumbua kidogo zaidi kuliko maziwa mabichi, kwa sababu bakteria wameshaila sehemu ya sukari hiyo. Kuchemsha hakuiondoi laktosi, kama ambavyo kukaanga hakuiondoi gluteni. Lakini barabara ya kupanda Soni ina kona nyingi, na dereva hapendi kusimama. Mtu anayelijua tumbo lake afadhali aagize chai ya rangi hapo Mombo kuliko kumwomba dereva asimame akachimbe dawa ukingoni mwa korongo.

Kwa nini basi mambo haya mawili hufuatana? Kwa baadhi ya watu ipo sababu ya haki. Laktesi hutengenezwa kwenye vile vijinywele vya utumbo ambavyo seliaki huviharibu. Mgonjwa aliyegunduliwa juzi aweza kukatazwa ngano na maziwa pia, na baada ya miezi kadhaa, utumbo ukisha kupona, maziwa yakarudi mezani. Ngano hairudi. Na wapo wa tatu, wenye mzio wa protini za maziwa, ambao kwao tone laweza kuwa hatari kwa uhai. Hao mtindi hauwafai wala samli. Mzazi anayesafiri na mtoto sharti ajue kwa hakika mtoto wake yumo katika kundi lipi, na hakika hiyo hutoka hospitali. Jambo moja husahauliwa mno: kipimo cha seliaki hutafuta kingamwili katika damu, aghalabu na kipande kidogo cha utumbo, nacho hupimwa wakati mtu bado anakula ngano. Anayeiacha ngano kwanza kwa ushauri wa rafiki, ndipo aende kupima, aweza kuambiwa hana kitu.

Turudi kwenye chungu cha Mombo, maana hapo ndipo penye habari njema. Bonde la Mombo lina mashamba ya mpunga yanayomwagiliwa kwa maji ya milimani. Mahindi, muhogo, maharage na ndizi ni vyakula vya wenyeji tangu zamani, na minazi iko karibu katika pwani ya Tanga. Sahani ya wali kwa maharage ya nazi na mchicha haina ngano wala maziwa, hata kama aliyeipika hajapata kulisikia neno gluteni. Ugali wa sembe, bada la muhogo, mahindi ya kuchoma, mihogo ya kuchemsha, vyote ni salama kwa asili yake. Na Kiswahili fasaha kimefanya hisani ambayo lugha nyingi hazikuifanya: kinachokamuliwa kwenye nazi hukiita tui, nalo halina laktosi wala protini ya ng'ombe. Hata hivyo wapo siku hizi wanaosema maziwa ya nazi, wakamtia mgonjwa wasiwasi wa bure.

Kwa hiyo inasikitisha kuona familia ikipanda basi na masanduku ya biskuti na mikate ya kigeni iliyoandikwa kwamba haina gluteni, iliyonunuliwa kwa bei ya kilo kadhaa za mchele, ili ikaliwe Mombo penye mchele. Ngano ndiyo mgeni hapa. Sehemu kubwa ya ngano inayoliwa Tanzania huagizwa kutoka nje.

Hatari haimo katika chungu, imo katika kikaango na upawa. Chipsi ni viazi vitupu, lakini mafuta yake yaweza kuwa ndiyo yaliyokaanga sambusa na maandazi tangu asubuhi. Samaki aweza kuwa amepakwa unga wa ngano kabla ya kukaangwa, na mchuzi umetiwa kijiko cha unga huo ili uwe mzito. Vitumbua ni vya mchele, ila wapo wapishi wanaochanganya. Uji wa lishe huuzwa kwa jina la ulezi huku ndani ukiwa na nafaka tano, ngano ikiwamo. Mtori, kwa wanaotoka upande wa Moshi, huenda ukatiwa maziwa. Na baba wa familia akiwa ndiye mgonjwa, akumbuke kwamba bia ya kawaida ni shayiri. Kiasi kinachohesabiwa kuwa salama kwa mwenye seliaki ni miligramu 10 za gluteni kwa siku, hali kipande kimoja cha mkate kina zaidi ya gramu 1. Chini ya sehemu moja ya mia ya kipande hicho: hicho ni kiasi cha chenga zinazobaki mkononi mwa mtu aliyetoka kugeuza chapati.

Mpishi wa kituo cha mabasi, mwenye wateja arobaini na dakika kumi na tano, hana nafasi ya kusikiliza somo la afya. Kumuuliza kama chakula chake kina gluteni ni kupoteza muda wa wote wawili. Mama mwenye busara humwamkia, kisha huuliza kwa majina ya vitu: “Shikamoo mama. Mwanangu unga wa ngano humdhuru. Haya maharage umeyatia unga? Na mafuta haya umekaangia nini?” Aghalabu atajibiwa kweli: “Marahaba. Maharage hayana unga mwanangu, ila samaki usimpe.” Kisha aombe chakula kipakuliwe kwa mwiko safi. Jibu likiwa la kusitasita, zipo ndizi mbivu, machungwa na mayai ya kuchemsha, vyakula ambavyo Mwenyezi Mungu mwenyewe amevifunga.

Wanaoiacha ngano kwa kufuata mtindo hawajidhuru sana isipokuwa mifuko yao. Wanamdhuru mtu mwingine. Mhudumu wa hoteli aliyesumbuliwa na wageni kumi waliokataa mkate asubuhi, kisha akawaona jioni wakila keki kwa furaha, hatamwamini wa kumi na moja, naye ndiye mtoto mgonjwa kweli. Neno likitumiwa ovyo huisha nguvu kabla mwenye haja nalo hajafika.

Safari yenyewe haiishii Mombo. Kilomita zipatazo 33 juu, Lushoto, kuna bibi aliyeamka alfajiri kukanda unga, kwa sababu chapati ndicho chakula cha kumheshimu mgeni, na mjukuu ajapo mara moja kwa mwaka hakaribishwi kwa kande. Hapa wazazi wengi hushindwa, wala si kwa kukosa elimu. Huona haya. Humwacha mtoto ale kidogo ili bibi asiudhike, au humnong'oneza akatae bila kueleza sababu, na bibi akadhani mjukuu amefundishwa mjini kudharau chakula chake. Habari hiyo hapana budi imfikie bibi kabla ya mgeni, kwa simu, wiki moja kabla, na aambiwe yeye mwenyewe kwa heshima, si kupitia kwa wajomba: kwamba unga wa ngano humuumiza mtoto huyu utumboni, na kwamba ile kande ya mahindi na maharage aliyomlea nayo baba yake ndiyo hasa anayoweza kula mpaka ashibe. Pengine atauliza kama amtilie maziwa mgando juu yake, kama ilivyo desturi ya nyumba nyingi. Ayaweke kando katika bakuli lake, kila mtu ajimiminie.