Uliza Kabla Hujaeleza

Juma lililopita mmoja wenu aliniuliza tofauti kati ya ruhusa na ridhaa. Ruhusa huombwa kwa mwenye mamlaka. Ridhaa hutolewa na mtu anayelijua jambo analolikubali. Asiyeelezwa hawezi kuridhia, hata akiitikia kwa kichwa mara mia. Leo nataka tulichukue neno hilo hadi mahali ambapo wengi wetu hapa Uganda huingia kwa aibu na kutoka kimya kimya, yaani chumba cha mnasihi.

Sina budi kuanza na kosa langu mwenyewe. Nilipokuwa mwalimu mpya nilikabidhiwa, juu ya vipindi vyangu vya Kiswahili, kazi ya kuwanasihi wanafunzi, ingawa mafunzo niliyokuwa nayo yalikuwa haba mno. Msichana mmoja wa kidato cha pili alinijia, akasimama mlangoni, akasema, "Mwalimu, niahidi hutamwambia mtu." Nikamwahidi. Akanieleza kwamba mtu mzima wa nyumbani kwao alikuwa akimpiga hadi kumjeruhi.

Nilikwenda kuripoti siku ileile. Sheria ya Watoto, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, inamtaka mwalimu asinyamazie jambo la namna hiyo, na hata pasipo sheria nisingenyamaza. Msichana alipata msaada. Hata hivyo, hakuzungumza nami tena mpaka alipohitimu. Nadhani hakunichukia kwa kuripoti. Alinichukia kwa kuahidi nisichoweza kutimiza.

Ndiyo maana nashikilia kwamba mipaka ya siri hutajwa kwanza, kabla mtu hajafungua kinywa. Mnasihi mwema atakwambia tangu mwanzo kuwa maneno yako yatabaki kwake, isipokuwa maisha yako au ya mwingine yakiwa hatarini, mtoto akiwa anadhulumiwa, au mahakama ikiamuru. Anayekuambia kuwa siri yako haitatoka kamwe anakudanganya, hata kama nia yake ni njema kama ilivyokuwa yangu.

Mambo mengine ni mepesi, lakini huleta ugomvi yasiposemwa. Ada ni kiasi gani, na kikao huchukua dakika ngapi? Ukikosa miadi bila taarifa, utalipa? Wengi huiona ada hiyo kuwa wizi. Mimi siioni hivyo, kwani saa ile ilitengwa kwa ajili yako na hakuna mwingine aliyepewa. Lakini kudaiwa kitu ambacho hukuelezwa ni dhuluma. Uliza pia amesomea wapi na nani humsimamia. Uliza kumbukumbu za vikao huhifadhiwa wapi na nani huzisoma, kwa sababu Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inakupa haki ya kujua taarifa zako zinatumiwaje. Tena Mkataba wa Haki za Wagonjwa, uliotolewa na Wizara yetu ya Afya mwaka 2009, unataja ridhaa, faragha na haki ya kukataa matibabu. Unaweza kuacha. Unaweza kumwendea mwingine.

Najua mtakalonijibu: tumelelewa kwamba mkubwa hahojiwi. Ni kweli, na mimi nimelelewa hivyohivyo. Lakini Kiswahili kina adabu ya kutosha kubeba swali lolote. Tazama: "Shikamoo, daktari. Samahani, kabla hatujaanza, naomba kufahamu ni mambo gani nitakayoyasema utalazimika kuyafikisha kwa wengine." Hapo umemkosea nani? Mtaalamu anayekasirishwa na swali kama hilo amekuonyesha mapema kwamba hakufai, nawe hujamlipa hata shilingi.

Shuleni jambo hili ni zito zaidi, maana anayekunasihi leo ndiye anayesahihisha mtihani wako kesho, na pengine ndiye mwalimu wa nidhamu. Naona kofia hizo hazifai kichwa kimoja. Mpaka shule zetu zitakapozitenganisha, una haki ya kumuuliza mwalimu wako, nami nikiwemo, amevaa ipi wakati anapokusikiliza.

Kazi ya juma lijalo: andikeni maswali matatu ambayo mngemuuliza mnasihi siku ya kwanza, kila moja likianza na "kabla". Kumbukeni kiambishi -ja-: kabla sijaanza, kabla hatujaanza.