NIONAVYO: Kigari cha mpira AFCON kisipewe mota ya winga

JUNI 11, 2021, Uwanja wa Olimpico, Roma. Italia na Uturuki zinafungua Euro 2020 iliyocheleweshwa mwaka mzima na corona. Kabla filimbi haijapulizwa, kigari kidogo cha rimoti kikaingia uwanjani taratibu, mpira umekaa juu ya paa kama bosi anapelekwa kazini, kikaenda nao mpaka katikati. Italia ilishinda 3-0, lakini mitandaoni kigari kile kilizungumzwa kama vile kilifunga bao.

Kilikuwa kazi ya Volkswagen, mmoja wa wadhamini wa mashindano, na umbo lake lilifanana na gari lao la umeme la ID.4. Tangazo safi, bei ya kawaida kwa kampuni kubwa, dunia nzima ikaliona.

Sasa AFCON 2027 inakuja kwetu. CAF iliwapa Kenya, Tanzania na Uganda uenyeji Septemba 2023, na tangu hapo tunaongelea viwanja, barabara na hoteli. Sawa, ndiyo mambo makubwa. Mimi naomba na hili dogo liingie kwenye kikao: mpira wa mechi ya ufunguzi uletwe na kigari kilichotengenezwa na vijana wetu. Makerere walitoa Kiira EV, gari la umeme la watu wawili, mwaka 2011. Wao, VETA au DIT washindwe na kigari cha kubeba mpira?

Hawashindwi. Ninachoogopa ni mota. Nawajua watu wetu bwana, likitajwa gari tu, swali la kwanza kwenye kikao litakuwa: “Linakimbia ngapi?” Na hapo ndipo kazi itakapoharibika.

Mota nyingi za magari ya rimoti huandikwa namba ikifuatiwa na herufi Kv. Namba hiyo inakwambia mota itazunguka mara ngapi kwa dakika kwa kila volti moja ikiwa haina mzigo. Chukua mota ya 3300Kv, ifunge kwenye betri ya volti 7.4, unapata mizunguko 24,420 kwa dakika. Weka gia za kupunguza mizunguko hiyo mara kumi na tairi zenye kipenyo cha sentimita 10. Kwa hesabu za karatasini, hiyo ni kama kilomita 46 kwa saa. Usain Bolt siku anaweka 9.58 pale Berlin mwaka 2009 hakugusa kasi hiyo hata pale alipokuwa amefungulia mpaka mwisho.

Mpira wa saizi 5 una gramu 410 hadi 450. Umekaa juu ya paa, haujafungwa mkanda. Kigari kikishtuka tu wakati wa kuondoka, mpira uko chini, kamera zote ziko hapo, na Waafrika milioni kadhaa wanacheka.

Kuna mjuaji atasema si unabonyeza rimoti kidogo tu, kitatembea polepole. Kitatembea, ndiyo. Lakini mota yenye Kv kubwa inatoa nguvu ndogo ya kusukuma kwa kila ampea inayokula. Ukiilazimisha kutambaa kwenye nyasi ikiwa na mzigo, inavuta umeme mwingi ili isogee kidogo, na mwingi wa umeme huo unageuka joto. Joto likizidi, sumaku za ndani zinapoteza nguvu na hazirudi tena kama zamani, na vanishi ya waya inaungua. Fundi yeyote wa kuwaindi mota anaijua ile harufu.

Mashabiki wa Real Madrid wenye umri wa kutosha wananielewa. Mwaka 2003 walimleta David Beckham, wakamwachia Claude Makelele aende Chelsea, kwa sababu Makelele hakuwa na mbwembwe za kuuza jezi. Zikapita misimu mitatu mfululizo bila taji la La Liga. Mota ya Kv ndogo ndiyo Makelele. Haikimbii, haina sifa kwenye boksi lake, inasukuma tu. Kwa kigari chetu nataka hiyo.

Hebu tupige hesabu kwa upande wa kazi yenyewe. Kigari kinatakiwa kwenda mita mbili kwa sekunde, kasi ya mtu anayewahi daladala bila kukimbia. Kwa tairi zile zile za sentimita 10, gurudumu linazunguka kama mara 380 kwa dakika. Mota ya 1000Kv kwenye betri ile ile inatoa 7,400, kwa hiyo gia zinatakiwa kupunguza karibu mara 20. Unaanza na kazi, unarudi nyuma hadi kwenye mota. Ukianza na mota, utajikuta unatafuta kazi ya kuipa, kama klabu iliyosajili mawinga watano halafu kocha anacheza bila mawinga.

London 2012 walikuwa na vigari vya rimoti vya umbo la Mini, vikirudisha vifaa kwa warushaji. Nyundo ya wanaume ina kilo 7.26. Sikumbuki mtu akiuliza vile vigari vinakimbia ngapi.

Lipo suala lingine litakaloleta mabishano, mota yenye kaboni au isiyo na kaboni. Vijana wa sasa hawataki kusikia habari za kaboni. Wanasema ni teknolojia ya kizamani, kaboni zinasagika, umeme unapotea. Yote kweli. Mota isiyo na kaboni inadumu na inatumia umeme vizuri zaidi. Ila ile ya bei nafuu, isiyo na sensa ya kujua rota imekaa wapi, ina ugonjwa wa kutetemeka inapoanza kuondoka na mzigo. Inakatakata, inakohoa, ndipo inashika. Kwa gari la mashindano ni kitu kidogo. Kwa kigari chenye mpira juu ya paa ni balaa. Dawa ni kununua yenye sensa pamoja na kidhibiti mwendo kinachoelewana nayo, na hapo bei inapanda.

Mimi napigia kura mota ya kaboni yenye waya uliozungushwa mara nyingi. Zile za kawaida za saizi 540 huwa na mizunguko 27. Magari ya rimoti ya kupanda mawe hutumia 35, 45, hata 55, kwa sababu kadiri waya unavyozungushwa mara nyingi ndivyo mwendo unavyopungua na nguvu ya kusukuma inavyopatikana kwa umeme kidogo. Inaondoka laini bila sensa, na kidhibiti chake ni rahisi. Kuhusu kaboni kusagika, AFCON ya Ivory Coast ilikuwa na mechi 52. Kigari kikifanya kazi dakika mbili kila mechi, jumla ni dakika 104. Mechi moja na nyongeza ya refa mwenye roho mbaya. Kaboni gani hiyo itakayoisha kwa dakika 104?

Wakishakiunda, wasikijaribu kwenye sakafu ya karakana. Sakafu inadanganya, kila mota inaonekana nzuri hapo. Wakipeleke kwenye nyasi za Mkapa, zimwagiwe maji kama siku ya mechi, mpira halisi juu, kitoke kwenye mstari wa pembeni mpaka katikati na kurudi, mara kumi bila kupumzika. Halafu wapime joto la mota. Likipita nyuzi 80, wapunguze meno ya gia ndogo ya kwenye mota, wajaribu tena. Likigoma kushuka, mota hiyo ikae benchi, hata kama ndiyo iliyonunuliwa kwa bei kubwa na mwenye kamati ndiye aliyeichagua.