RELI INAKUJA, VIWANJA ATACHUKUA NANI?

Kijana wa Kahama, Shinyanga na Geita, amka! Wewe unayepanga chumba kimoja na kudaiwa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, wakati kipato chako ni cha kutwa, jiulize: reli ya kisasa ikifika, utakaa wapi?

Mwaka 2021 ulianza ujenzi wa kipande cha Mwanza hadi Isaka, kilomita 341. Juni 2025 likafunguliwa daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3, na mtu wa Geita sasa anakwenda Mwanza bila kusubiri kivuko. Njia zinafunguka. Na njia ikifunguka, bei ya kiwanja hupanda kabla treni haijapiga honi. Vigogo wanalijua hilo. Wewe je?

Wenzetu wameshaamka. Oktoba 2025 jimbo la California, Marekani, lilipitisha sheria inayoruhusu nyumba za hadi ghorofa tisa karibu na vituo vikubwa vya treni na mabasi, hata pale ambapo halmashauri za miji zilikuwa zikikataa. Maana yake ni rahisi: panapopita usafiri, watu wengi wakae hapo, waende kazini bila kumaliza mshahara kwenye nauli.

Hapa kwetu si kwamba sheria hazipo. Ipo Sheria ya Ardhi ya 1999. Ipo ya Mipango Miji ya 2007. Ipo hata ya 2008 inayomruhusu mtu kumiliki sehemu tu ya jengo. Tunachotaka Bunge liongeze ni kipengele chenye meno: stesheni ikijengwa, eneo linaloizunguka lipimwe lote kwa muda uliotajwa, kibali cha ujenzi kitolewe kwa siku zinazohesabika, si kwa mlungula, na sehemu ya nyumba zitakazojengwa iwe ya kupangisha kwa bei ya mlalahoi.

Lakini tahadhari! Haraka hiyo ni ya nani? Agosti 1996 kule Bulyanhulu, wachimbaji wadogo waliondolewa harakaharaka kumpisha mwekezaji. Kuanzia mwaka 2002 nyumba za serikali ziliuzwa, nyingine katika maeneo mazuri ya miji. Je, ni wewe uliyenunua? Haraka ya namna hiyo hatuitaki. Sheria ya Ardhi yenyewe inasema fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe bila kuchelewa. Basi fidia itangulie, buldoza lifuate. Na iwe mtu mmoja kiwanja kimoja, majina yabandikwe ofisi ya kata, kila mwenye macho asome.

Ndugu yangu, usingoje wakati wa kampeni uje upewe fulana na kofia. Mkutano wa mtaa ukiitishwa, nenda. Muulize mwenyekiti na diwani: ramani ya eneo la stesheni iko wapi, na nani ameshagawiwa? Mbunge akija, mbane kwa swali hilo hilo, mbele ya watu. Wajinga ndio waliwao.

Treni itapiga honi Isaka, upende usipende. Asiyedai chake leo, siku hiyo atakuwa anakimbizana na mabehewa, akiuza maji dirishani kwa abiria wanaokwenda kulala katika nyumba zao.