Nywele zibanwe, zisinyongwe

Na Halima Nyambura

Simama kituoni Othaya Road, hapa Kileleshwa, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kichwa baada ya kichwa kimechanwa kwenda nyuma, jeli inang'aa, kifundo kimetulia kisogoni. Mhasibu, muuguzi na mwanafunzi wa chuo wanapanda matatu moja na mtindo mmoja. Ninauunga mkono. Kusukwa Kenyatta Market huweza kumeza siku nzima, na si kila mwanamke ana Jumamosi ya kutoa. Maji kidogo, jeli, brashi na kibanio, mtu anaingia kikaoni akiwa nadhifu.

Haraka ya namna hii si ya kizazi cha simu. Waswahili wana twende kilioni, mistari michache minene inayosukwa kurudi kisogoni pasipo madoido, na anayeivaa hutoka mbele za watu na heshima yake kamili.

Kinachonisumbua ni mkazo. Siku hizi nywele hazihesabiwi kuwa zimelala mpaka ngozi ya kipaji ivutike na nyusi zipande. Shina la nywele likivutwa kila siku mahali palepale, ngozi huvimba na kutoa vipele vidogo, kisha nywele za panjani na za juu ya kipaji huanza kupukutika. Ukilegeza mapema, huota tena. Ukiendelea miaka na miaka, kovu huziba vinyweleo, na hapo hakuna mafuta yatakayozirudisha.

Wala msiniambie nywele zetu ndizo dhaifu. Tatizo hili lilielezwa na daktari mwaka 1907 huko Greenland, miongoni mwa wanawake waliokuwa wakifunga nywele zao kwa nguvu. Huku kwetu Afrika, utafiti wa Cape Town uliochapishwa mwaka 2007, ukiongozwa na daktari wa ngozi Nonhlanhla Khumalo, ulikuta karibu theluthi moja ya wanawake waliochunguzwa wana upungufu wa nywele unaotokana na kuvutwa. Hatari huzidi nywele zilizotiwa dawa ya kunyoosha zinapobanwa au kusukwa.

Basi, dada zangu, tuubane mtindo huu kwa akili. Kichwa kikiuma, legeza papo hapo. Nywele zilizolowa chepechepe hukatika upesi, kwa hiyo ziache zikauke kidogo kwanza. Tumia kibanio cha kitambaa, raba iache ifunge noti. Leo kifundo kikae kisogoni, kesho kishuke shingoni, keshokutwa nywele zipumzike. Jioni fungua, osha jeli, usilale ukiwa umebanwa.

Hata hivyo, nitakuwa nimewaonea wanawake nikiishia hapo. Wapo wakubwa wa kazi, Upper Hill na Westlands, ambao wakisema "nywele nadhifu" huwa wanamaanisha nywele zilizolala kabisa. Nywele za kipilipili zilizo safi, zikachanwa na kufungwa kwa ulegevu, ni nadhifu hata zikifura kidogo pembeni. Mkubwa anayemtaka mfanyakazi azilaze zaidi ya hapo anamdai panja zake, na hakuna mkataba wa kazi unaompa haki hiyo. Kanuni za mavazi za ofisi ziseme usafi na mpangilio, zikomee hapo.

Walio wanyonge kuliko wote ni watoto. Watafiti haohao wa Cape Town waliukuta upungufu wa nywele wa kuvutwa hata kwa wasichana wa shule, watu wasiochagua wabanwe vipi wala na nani. Wengi wao huambiwa wavumilie ndipo wapendeze, na somo hilo hukua nao mpaka ofisini. Mama, mwanao akikwambia inauma, mwamini. Fungua uanze upya kwa ulegevu, hata kama basi la shule linapiga honi langoni.