TAHARIRI: Gundi ya Chumba cha Mizani Itoke kwa Maji Moto, Siyo kwa Petroli



Kila aliyeingia chumba cha mizani tangu kapeti la plastiki ling'olewe ameona hali ilivyo. Kapeti limetoka, gundi imebaki. Ukikanyaga, ndala inabaki nyuma. Kahawa ikimwagika inanasa pale pale, na ukiifagia unazoa gundi, vumbi na kahawa pamoja. Msimu unakaribia. Wanaosema gundi itoke upesi wanasema kweli, nasi tuko pamoja nao.

Tunapoachana nao ni kwenye petroli. Tumewasikia vijana: lita tano tu, mwaga, sugua, nusu saa kazi imekwisha. Jamani! Ni kweli petroli hulainisha gundi. Lakini mvuke wake ni mzito kuliko hewa. Haupandi ukatoka dirishani. Unatambaa sakafuni, unapita chini ya mlango, unafuata moto uliko. Na moto hauko mbali, maana nyuma ya ukuta ule ule mama lishe wetu wana majiko matatu. Mafuta ya taa mpaka yapate joto la nyuzi 38 hivi ndipo mvuke wake unashika moto. Petroli inashika hata kwenye baridi ya kugandisha maji. Wala si lazima mtu awashe kiberiti, cheche ya swichi ya taa inatosha.

Wengine wakasema, basi tutumie hayo mafuta ya taa. Kwa nyumba ya mtu huenda tusingebisha sana. Kwa chumba hiki, hapana. Saruji inakunywa mafuta, na kahawa ni mwepesi wa kushika harufu. Mwonja kahawa akikuta mafuta ya taa kikombeni, fungu zima linashuka bei, kahawa ya aliyesugua na ya aliyekuwa shambani kwake.

Gundi yetu kwa sehemu kubwa ni ile ya rangi ya udongo, na hiyo inakubali maji. Kona ya nyuma ya mlango imekwisha jaribiwa. Yalichukuliwa magunia makuukuu, yakalazwa sakafuni, yakamwagiwa maji yaliyochemka yenye sabuni ya unga, yakaachwa karibu nusu saa. Gundi ikalegea kama ugali wa jana uliolowekwa. Ikakwanguliwa ingali na joto, mabaki yakasuguliwa kwa mchanga mbichi, pakasuuzwa. Siri ni kufanya kipande kidogo kidogo, kiasi cha gunia mbili, kwa sababu ikipoa inakamata tena kama mwanzo. Ni kazi ya kuchosha, hatusemi uongo. Lakini kuni zipo, na mikono ipo.

Sasa lipo jambo ambalo tunaomba lisomwe mara mbili. Chini ya dirisha kuna vigae vya zamani vilivyobandikwa kwa gundi nyeusi kama lami. Katika nchi nyingi, mpaka miaka ya 1980, baadhi ya vigae na gundi za namna hiyo zilichanganywa na asbestosi. Kwa macho huwezi kujua kama imo au haimo. Ikikaa imetulia haina neno kubwa. Ikikwanguliwa kavu au kupigwa msasa, inatoa nyuzinyuzi ndogo zisizoonekana, zinaingia mapafuni, na kansa inaweza kujitokeza baada ya miaka 20 au zaidi, wakati hakuna anayekumbuka tena ile sakafu. Kwa hiyo pale pasiguswe. Patafunikwa vile palivyo. Fundi wetu aliyejitolea mashine yake ya msasa tunamshukuru kwa moyo wote, lakini mashine ibaki nyumbani.

Kazi ni Jumamosi saa 1 asubuhi. Kila kaya ilete mtu mmoja na gunia kuukuu moja. Mwenye sepetu ainoe kabisa, sepetu butu inapoteza nguvu bure. Kamati itatoa sabuni na kuni. Maji yatachemshiwa uwanjani. Watoto wasije, maji ya moto hayana mchezo. Uchafu utakaokwanguliwa uwekwe kwenye ndoo, usimwagwe mferejini, maana mfereji ule unakwenda bustanini. Na sakafu iachwe ikauke sawasawa, madirisha wazi, siku tatu kamili kabla gunia la kwanza la kahawa halijaingia.